Mwandishi wa Kiganjo na Namba ya Marehemu

Ukungu ungali umekalia Kiganjo, na Wawira tayari anasoma kwa sauti kama mwalimu anayetoa imla. Anasoma sentensi moja kwenye kompyuta, anaguna, anaifuta, anaiandika upya. Chai imepoa kando yake. Kwenye duka la mbao lililo mbele ya chumba chake wateja wanapiga soga, lakini yeye wala hawasikii.

"Msomaji wangu hana aibu na hachoki," anasema huku akicheka. "Nikimwambia vibaya, atafanya vibaya na bidii yote."

Msomaji huyo ni wakala wa akili unde, yaani programu ya kompyuta inayojifanyia kazi bila kusimamiwa kila hatua. Kampuni changa ya mjini Nyeri imeunda zana ya kumwingiza wakala katika vikundi vya gumzo vya simu, ambamo anaweza kusoma ujumbe, kutuma, kuongeza mtu au kumwondoa. Wawira ndiye anayeandika maelezo ya zana hiyo. Wakala huyasoma kila anapotaka kuitumia, na huyafuata neno kwa neno.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa shule Othaya. Mshahara, anasema, ni ule ule, ila hapa hakuna kengele.

"Baba aliniuliza, ati unaandikia nani? Nikamwambia, mashine. Akaniombea."

Maombi hayo yalihitajika. Kikundi cha kwanza kuipokea zana hiyo ni cha wakulima wa mpunga wanaotumia mfereji mmoja kule Mwea. Wakala huwatangazia zamu za maji. Katika maelezo yake, Wawira alikuwa ameandika: "Mwondoe mtu ambaye si mwanachama tena." Aliwafikiria waliohama na walioacha kulima. Hakumfikiria Mzee Kinyua.

Mwenyekiti wa kikundi, Mwai, alipotangaza kwamba Mzee Kinyua amefariki, wakala aliusoma ujumbe, akaamua kwamba marehemu si mwanachama, akaiondoa namba yake. Watu walikuwa bado wanaandika pole.

"Huku kwetu simu ya marehemu haizimwi," anaeleza Mwai. "Mama anakaa nayo. Pole zinaingia hapo, na maji anaitiwa hapo hapo. Hata tukishazika, jina inabaki mpaka familia iseme."

Mjane wa Mzee Kinyua, Mama Lynn, aliifungua simu asome pole, akakuta ametolewa. Zamu yake ya maji ilipotangazwa, hakuiona. Miche yake yote ikakauka kitaluni.

"Nilijua ni majirani," anasema. "Nikasema, kumbe walikuwa wanangoja tu mzee afe! Nililia kwa hiyo shamba kuliko nilivyolia kwa matanga."

Majirani hao hao ndio waliomgawia miche. Ilipogunduliwa kwamba ni wakala aliyeiondoa namba, ikarudishwa. Lakini tangu siku hiyo Mama Lynn hajaandika neno kikundini, na hilo linawauma wenzake.

"Hatuwezi pigia kura uchungu ya mtu," anasema Mwai. "Mama Lynn akijibu hiyo mashine tena, ibaki. Msimu ukiisha akiwa amenyamaza, tunaitoa."

Wakiitoa, mkataba wa Wawira nao umekwisha. Kazini walimshauri aandike barua fupi kwamba mtambo ulikosea. Jambo hilo lilimkera.

"Mtambo ulisoma tu. Mimi ndiye niliandika," anasema.

Basi akafunga safari hadi Mwea, akaketi jikoni kwa Mama Lynn. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yao vilevile.

"Ni wewe uliiambia itutoe?" aliuliza mjane.

"Ni mimi, mama. Sikuwa nafikiria mtu amekufa."

Mama Lynn alichochea moto.

"Basi iambie hivi. Mtu akifa, isimguse. Sisi ndio tutasema, siku tutaweza."

Hakusema amesamehe. Alimpa uji, akamsindikiza hadi barabarani, wakaagana.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo Wawira anapambana nayo asubuhi hii. Mwishowe anaisoma bila kuguna: "Usimwondoe mtu kwa sababu imetangazwa kwamba amefariki. Subiri hadi familia yake iombe." Chini yake anaongeza kwamba wakala aendelee kumtangazia zamu yule aliyebaki na simu.

Ana ndoto moja, nayo si kubwa. Anataka kila kikundi kichague watu wawili wa kusomewa maelezo kabla ya wakala kuyapokea, hasa yale ya kumgusa mtu.

"Mashine ingoje," anasema. "Si iko na subira? Acha watu wasikie kwanza."

Simu yake inalia; yeye naye yumo kikundini. Wakala ametangaza zamu za Mwea: "Mama Lynn, maji yatafika shambani kwa Mzee Kinyua kesho asubuhi." Wakulima wengine wanajibu mmoja mmoja kuhusu zamu zao. Wawira ameishika simu kwa mikono miwili. Chai imeshaota utandu.

Kisha jibu linaingia, na juu yake limeandikwa jina la Mzee Kinyua.

"Tumeona. Bado tuko."