Mume Wangu Aloisi na Mtumbwi wa Pombe

Asubuhi ile, kabla ya mabomu, kwetu kulikuwa na kesi ya pombe tu. Mume wangu Aloisi alikuwa amechemsha ndizi mbivu za mbege, pombe yetu Wachagga, kwenye sufuria kubwa, sufuria ambayo ng'ombe angeingia akaoga na ndama wake. Jirani yetu Ta Kaiza amesimama pembeni, anacheka mpaka kofia imemdondoka.

"Mangi, pombe haipikwi kama makande! Ndizi unazitia majani, unakanyaga, basi."

"Ndiyo maana yenu ina ladha ya vidole," Aloisi akamjibu.

"Vidole vya Mhaya ni vitamu!"

"Tumuulize mkeo."

Mkewe, Ma Kokugonza, alikuwa hapohapo anamenya ndizi za mchana. Hakuinua hata kichwa. "Mimi msiniingize. Miguu yenu nyote wawili inanuka."

Sisi ni watu wa Kilema, huku mlimani. Lakini Mchagga hata ukimtupa mwezini, kesho utamkuta amefungua duka. Aloisi alikwenda kutafuta maisha Kagera, ng'ambo ya mto, jirani na mpaka wa Uganda, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Nikamfuata, tukampata Aika, mtoto wetu wa kwanza. Wenyeji walimwita Mangi, yaani mfalme, ingawa ufalme wake wote ulikuwa pampu na viraka. Ta Kaiza ndiye aliyetupokea, akatupa na mtumbwi wa kuchachushia pombe. Ni gogo limechongwa likatobolewa katikati, refu kama kanisa la Kilema na mnara wake. Sawa, punguza mnara.

Ndege ilipopita chini chini nilidhani ni ya mkuu wa mkoa. Kuku walijua kabla yangu, waliingia wote chini ya kitanda. Halafu ardhi ikaruka. Upande wa mpakani moshi ukapanda mweusi, na watu wakaanza kuja barabarani wanakimbia, hawalii, hawapigi kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayekimbia kimya ameona kitu.

"Wanajeshi wa Uganda wameingia," mmoja akatuambia bila kusimama. "Wanaua."

Nikamfunga Aika mgongoni, nikachukua nguo na unga. Nikageuka kumtafuta mume wangu. Nilimkuta uani ameinamisha mtumbwi, anaimwaga mbege.

Jamani. Mwanaume wa Kilema anamwaga mbege kwa mikono yake mwenyewe! Tangu mlima uumbwe halijatokea. Hapo ndipo nilipojua vita ni vita.

Halafu akauweka begani, yeye mbele, Ta Kaiza nyuma.

"Baba Aika, una akili wewe? Watu wanabeba watoto, wewe unabeba mtumbwi wa pombe?"

"Mama Aika, tembea."

"Kama ni kiu utakunywa mbele ya safari!"

"Tembea, mama."

Shingoni alijivika mipira ya ndani ya baiskeli, yote ya kibandani, kama mashada ya maua. Njia nzima watu walitutazama. Mama mmoja aliyebeba godoro akaniambia, "Pole dada, mumeo pombe imemharibu." Nikaitikia asante. Ningesema nini?

Tulipokaribia mto tukasikia darajani panapigwa. Hapapitiki. Watu walikuwa wamejaa kwenye mafunjo, wanatazama maji. Mto Kagera siku ile ulikuwa mpana kuliko dhambi, una rangi ya chai ya maziwa, na viboko wake nawajua, kila mmoja ana mdomo wa kumeza Landrova.

Aloisi akatua mtumbwi. Akaanza kujaza upepo mipira yake kwa pampu, akaifunga huku na huku ubavuni, gogo lisibiringike. Yule mama wa godoro akalitua godoro lake.

"Wanawake na watoto," Aloisi akasema. "Mimi nasukuma nyuma."

"Wewe hujui kuogelea!" nikamwambia. Sisi watu wa mlimani maji tunayajua ya mfereji, yanakufika kwenye kifundo cha mguu.

"Nitajifunza njiani."

Ta Kaiza, aliyeujua mto, alikaa mbele na mti wa kupigia maji. Mimi na Aika, Ma Kokugonza, na watoto wa watu tukajibana katikati. Aloisi akaning'inia nyuma, anarusha mateke kama punda. Nyuki wakatufuata kwa harufu ya mbege, kundi zima, nusu yao wamelewa. Kiboko mmoja akainuka, akatutazama, akanusa, akazama tena. Nadhani alikuwa mlokole.

Tukafika.

Wakarudi. Wakaleta wengine. Wakarudi tena. Siwezi kusema mara ngapi. Kila aliyevuka ana hesabu yake. Yule mama alivuka. Godoro lilibaki.

Kisha Ta Kaiza akasema anakwenda kumchukua mama yake. Bibi alikataa kuondoka asubuhi, alisema atakufa kwake.

"Usiende," Aloisi akamwambia.

"Mangi, ni mama."

"Basi nakungoja ng'ambo."

Niliwaona wakivuka. Ta Kaiza akapanda ukingo, akapotea migombani. Aloisi akabaki na mtumbwi kwenye mafunjo. Peke yake.

Mimi na Ma Kokugonza tulikaa huku, tumeshikana mikono.

Bunduki zikalia migombani.

Zikanyamaza.

Aloisi hakuondoka. Nilimpigia kelele aje. Hakuja. Alikuwa ameahidi kungoja.

Wanajeshi wakatokea ukingoni.

Akausukuma mtumbwi, akaushika. Risasi zikapiga maji. Zikapiga gogo. Nikaona gogo limepasuka, limegeuka, linakwenda na mto. Kichwa chake sikukiona.

Ma Kokugonza ndiye aliyeona. "Ule mpira," akasema. "Tazama mpira."

Mpira mmoja wa baiskeli ulikuwa unakuja, na mkono wa mume wangu umepita katikati yake. Tulimvuta kutoka kwenye matope sisi wawili. Alitapika maji ya kutosha kumwagilia vihamba vyote vya migomba vya Kilema. Alipopata pumzi alimtazama Ma Kokugonza, si mimi.

"Nilimngoja, Ma," akasema. "Hakuja."

"Nilikuona," akamjibu.

Ma Kokugonza hakulia mpaka tulipoondoka pale.

Ta Kaiza hakuonekana tena. Vita ilipokwisha, na jeshi letu limewafukuza wale mpaka kwao, Ma Kokugonza alirudi, akakuta nyumba imeungua. Hakupata hata mfupa wa kuzika.

Sisi tulirudi Kilema. Aloisi alitengeneza baiskeli Moshi mjini mpaka akazeeka, tukapata wanne wengine, akawasomesha wote kwa viraka. Kuogelea hakujifunza ng'o! Mvua ikinyesha sana alikuwa hatoki ndani. Alinichokoza kila siku ya Mungu, nami nilimrudishia, na majirani walikuja kukaa uani kwetu kusikiliza kana kwamba ni redio. Alifariki kwake, kitandani kwake, mchana, ameshashiba mtori, mkono wake uko kwangu. Mto haukumpata. Risasi haikumpata. Uzee ndio ulimpata, nao ilibidi umngoje sana.

Msibani watu walijaa mpaka kihamba cha jirani. Aika akaja kuninong'oneza: "Mama, kuna bibi ametoka Kagera, amelala njiani kwenye basi."

Nilimjua kwa mwendo. Ma Kokugonza, amejikunja, ana fimbo. Akakaa kando yangu, akanishika mkono.

"Shemeji alikuwa mbishi," akasema.

"Mpaka siku ya mwisho, Ma."

Ilipofika saa ya udongo tulisogea sote wawili pale kati ya migomba. Nikatupa wangu. Ma Kokugonza akatupa wake, akasema, "Lala, Mangi."

Watu wakadhani amemaliza. Akainama tena, taratibu, akachota udongo mara ya pili. Padri akanitazama. Nikamwashiria amwache.

"Na wewe, Ta Kaiza, lala," akasema, akaumwaga.

Kisha akaniuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia hapa ni kwangu, chota mpaka utosheke.