Betri Iliyochomolewa Kwaluguru

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa masika, tumekwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa pale Kwaluguru. Kijiji kilikuwa na trekta moja, lori moja la petroli, na betri moja ya kugawana. Asubuhi tunawasha lori, kisha betri inachomolewa lori likiunguruma, inakwenda kuwasha trekta. Lori la zamani lilizalisha umeme wake kwa dainamo, likavumilia. Ndipo likaletwa jipya, lenye altaneta, mtambo wa kisasa wa kuchaji betri.

Mimi nina darasa la pili tu, lakini uliza Masuguru hii nzima tunamoishi nani fundi. Basi nisikilize, altaneta hufanya kazi hivi. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, na hapo umeme huzaliwa. Ila umeme huo huenda na kurudi kama mlevi njiani. Zipo daiodi, walinzi wadogo, zinazouruhusu upite upande mmoja tu, uingie kwenye betri. Ukichomoa betri injini inaunguruma, umeme unakosa pa kwenda, unafura, unawaunguza walinzi wale.

Dereva wetu, Mzee Mhina, alilijua hilo. Asubuhi ya siku ile akasema, "Mwenyekiti, hili si kama lile. Tulizime kwanza."

Mwenyekiti wa kijiji akacheka. "Mzee, betri ya kijiji umeioa? Ubepari huo!" Watu wakaangua kicheko, naye akaichomoa kwa mkono wake.

Trekta likawaka. Betri iliporudishwa kwenye lori, taa nyekundu ya chaji ikagoma kuzimika.

"Haichaji hii," akasema Mzee Mhina.

"Kitaa tu hicho, mzee wangu. Twende shamba."

Jioni yake mama yako akashikwa na uchungu, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema, "Hospitali ya Korogwe, upesi." Tukampakia nyuma ya lori. Mvua ile! Wipa, taa, vyote vinakula betri, na hakuna kinachoirudishia. Porini lori likazima. Tukasukuma na kusukuma, lakini petroli bila cheche ya umeme haiwaki. Kaka yako alizaliwa juu ya turubai, nyuma ya lori. Hakulia.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wapi! Asiyesikia alikuwa mwenyekiti, guu lililovunjika ni langu. Alikuja msibani, akala wali wetu, akasema ni kazi ya Mungu.

Sasa umejua kwa nini jana nilikufokea mbele ya wateja wa gereji yetu. Ulichomoa betri injini inaunguruma, tena ukipiga mluzi!

Mwanangu, usishike kitu usichokijua kwa kuwa tu jana ulishika kinachofanana nacho. Anayejua akisema ngoja, ngoja, hata kama uwanja mzima unamcheka. Na taa nyekundu usiiite kitaa. Mungu akupe sikio kabla ya mkono, wala asikuandikie kulisukuma lori nililolisukuma mimi.