Aliyeirekebisha Seva ya Bwana Kanti

Cheka ukitaka, lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapahapa Kariakoo. Sikuhadithiwa.

Miaka ile mashirika ya umma yanauzwa nilikuwa nimepunguzwa kazi. Bwana Kanti, mwagizaji wa dawa, alinunua mnadani kompyuta kuukuu inayotumia mfumo wa Unix, akanipa majaribio: niweke humo programu mpya ya seva ya barua pepe, ya kupokea na kutuma barua za ofisi. Nikiweza, ananiajiri. Nikishindwa hadi Ijumaa jioni, anamwita fundi wake wa Upanga. Na mke wangu alikuwa mjamzito, unanielewa?

Programu iliandikwa kwa ajili ya Unix za kisasa. Hii ya kwetu ilikuwa na mambo yake. Kila nikijaribu inagoma, inadai kuna kitu haikijui. Siku nne nahangaika nayo.

Ijumaa adhuhuri mlinzi, Mzee Sefu, akaenda kuswali. Kama kawaida yetu alinifungia kwa nje, kwa sababu ya vibaka. Nageuka, mzee mmoja kasimama nyuma yangu, shati jeupe, kalamu mfukoni.

"Shikamoo," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba. Bado inakataa?"

Nani kamwambia? Nikajua tu huyu ndiye fundi wa Upanga, Sefu kamfungulia aje kunichungulia. Nikaziba kioo cha kompyuta kwa daftari.

"Hicho inachodai, mashine hii haijawahi kuwa nacho," akasema taratibu. "Kiandike mwenyewe, mistari kumi tu, halafu ukiunganishe na programu."

"Mzee, kazi hii ni yangu."

Nikakigeukia kioo. Nilipogeuka tena, hayupo. Nikaiandika ile mistari shingo upande, na seva ikakubali. Nikakimbilia mlangoni nimwone anakokwenda. Mlango haukufunguka, kufuli lilikuwa palepale, kwa nje.

Sefu aliporudi aliapa hakumfungulia mtu. Sikumwamini.

Jioni Kanti akaja, akafurahi kweli. "Nani kakuonyesha?"

"Hakuna. Kichwa changu tu."

Wallahi sikugusa kitu. Kwenye kioo, herufi moja moja, pakajiandika: MWONGO.

Kanti aliisoma. "Nani anaandika?" akauliza. Nikatoka kwa hofu na aibu, na sikurudi tena. Kazi akapewa yule wa Upanga, kijana wa miaka ishirini na kitu, wala hafanani na yule mzee niliyemwona.

Siku hizi nauza soketi na nyaya Msimbazi. Mke wangu mpaka leo anaamini nilifukuzwa kwa uvivu, na mimi nimemwacha aamini hivyo. Nawe ukisaidiwa na mtu usiyemjua, mshuku ukipenda, lakini ukiulizwa, mtaje.