Uzi Kwenye Feni ya Kompyuta

Sebuleni tulikuwa mwanangu, mkewe, binti yao wa darasa la sita, na mimi nyanya yake. Majina yao sijasahau hata moja, ila leo nawataja kwa udugu tu. Asubuhi hii pasi imenuka vumbi lililoungua, nikajiona tena pale Makadara mbele ya ile kompyuta ya mtumba, iliyonuka vivyo hivyo.

Ilikuwa inawaka, inanguruma, halafu inazimika kabla haijafunguka vizuri.

“Imekufa,” mwanangu akasema. “Jioni namrudishia aliyetuuzia.”

Machozi yakamlenga mtoto, kwa maana aliiomba muda mrefu. Lakini hakubishana na babake. Alienda nyuma ya mashine, akaweka kiganja.

“Ya shule hupuliza upepo hapa. Hii haipulizi.”

Akainua kitambaa nilichokifuma kuifunika, maana kwetu kitu kizuri hakikai uchi. Upande mmoja ukagoma kutoka. Akacheka.

“Shosho! Umeivisha mashine sweta, na feni imekula uzi!”

“Una wivu. Wewe sijakufumia,” nikamjibu.

Akachomoa waya wa stima, akaniomba sindano yangu ya kroshia, akautoa ule uzi wa buluu polepole. Ilipowashwa ikafunguka, na haikuzimika. Mwanangu akasema, “Basi haiendi popote.”

Kama kuna aliyekuwepo, na uzi haukuwa wa buluu, anisahihishe. Ila aliyeiponya ni mjukuu wangu; hapo msiniguse.