Waya mpya kwenye redio ya babu

Leo nimegusa redio ya babu bila ruhusa.

Mnanijua. Mimi ni karani ninayesoma barua mara tatu kabla ya kugonga muhuri.

Lakini waya wa spika ya kushoto uliliwa na panya kabla sijazaliwa. Nikanunua mpya Moshi mjini, nikapanda nao Machame kwa babu, nikaufunga.

Babu akaingia. "Nani kakutuma?"

Kwa woga nikawasha kanda ya kwaya waliyoimba babu na bibi ujanani.

Jamani! Ile spika tuliyoizoea kama meza ya maua ikaimba. Sauti ya mwanamke mmoja, safi kabisa, ambayo spika ya kulia haikuwahi kuitoa.

Ilikuwa ya bibi.

Miaka yote amesema aliimba peke yake kwenye kanda hiyo. Babu humjibu, "Labda uliimbia jikoni." Nasi tunacheka. Hata mimi.

Mnaosema waya haubadilishi kitu, njooni mbishane na babu. Alivua kofia, akamwambia bibi taratibu, "Mama Aikande, kumbe ni wewe."

Bibi aliendelea kumenya ndizi.

"Rudisha mwanzo," akaniambia. "Na uwaite majirani."