Binti wa Bujiku Aliyesoma Melini

Paskalia aliposema kwao Masumbwe kwamba muhula ujao atasomea ndani ya meli, shangazi yake Mariana ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine walikuwa wakilizungukazunguka.

"Sasa jioni mnashukia wapi kulala?"

"Hatushuki, shangazi. Tunalala humo humo. Vitanda vimo, madarasa yamo, jiko limo."

"Na choo?"

"Nacho kimo."

Shangazi akatikisa kichwa, akaenda kumpa pole mama yake Paskalia kana kwamba nyumba imeingiwa na msiba.

Ilikuwa meli ya chuo, yenye wanafunzi na walimu wa mataifa mengi, inayopita bandari kwa bandari huku masomo yakiendelea. Paskalia alikuwa akisoma jiolojia Dodoma. Aliomba ufadhili bila kutarajia kitu, akaupata. Mama yake, aliyekuwa na kibanda cha chakula jirani na mashimo ya wachimbaji wadogo, alipiga vigelegele hadi sufuria ya maharage ikaungua. Baba yake, mzee Bujiku, alichukua fimbo yake. Alikwenda zizini. Aliporudi alisema tu, "Mimi sikipendi kitu ambacho ukichoka huwezi kushuka." Basi. Siku ya safari alimpakia mzigo kwenye basi, akampa mkono, akageuka.

Meli ilimpokea vibaya. Waliondoka Lisbon, kule Ureno, asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana Paskalia alikuwa amelala chali, ameshika ndoo, akiahidi moyoni kwamba bandari ya kwanza ndiyo atakayoshukia. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na msichana aliyelala vilevile, na ndoo vilevile. Aliitwa Solongo, akitokea Mongolia, nchi isiyo na bahari. Salamu yao ya kwanza ilikuwa kutapika kwa zamu.

Siku zilivyosonga, miili ikazoea. Paskalia akajua kutembea kwa magoti malegevu, sakafu inapopanda naye akipanda nayo. Akajua kwamba darasani usipoishikilia kalamu itakwenda kwa jirani, na kwamba chai haijazwi kikombe. Asubuhi walisoma. Mchana walishika zamu za kazi, wengine jikoni, wengine kusugua sitaha. Yeye alipangiwa kufua nguo, chini kabisa ya meli, kwenye joto na harufu ya sabuni. Msimamizi wa huko alikuwa Mfilipino mtu mzima aliyeitwa Nestor. Paskalia hakuweza kumwambia "hai" mtu aliyelingana na baba yake. Siku ya kwanza alipiga goti kidogo, akasema shikamoo. Nestor akataka kujua maana yake, akaelezwa, akafundishwa jibu. Tangu hapo, akimwona tu Paskalia kwenye ngazi, hata kabla hajafungua mdomo, mzee wa watu anapaza sauti, "Marahabaaa!" Haikupita muda wanafunzi wengine nao wakawa wanamwamkia, wakikosea kila silabi.

Lakini jioni ilikuwa ngumu. Kila meli ilipotia nanga na mtandao kutengamaa, Paskalia alipiga simu nyumbani. Mama aliongea, shangazi aliongea, hata wateja wa mama walimsalimia. Akimwulizia baba, jibu ni lile lile: "Ametoka kidogo." Mama alilisema haraka mno, na Paskalia alijua kwamba baba yupo, anaikwepa simu.

"Baba yako ana hasira?" Solongo alimwuliza siku moja, walipokuwa wamekaa kitandani wakikunja soksi.

"Hapana. Ananihofia, ila hajui kuisema hofu. Yeye anajua kuongea habari za ng'ombe tu."

Solongo akaacha soksi. "Mnafuga ng'ombe?"

Mwezi mzima walikuwa wamelala chumba kimoja bila kuambiana! Kumbe Solongo kwao walikuwa wafugaji, wenye hema linalohamishwa kufuata majani. Usiku huo waliongea hadi koo zikakauka.

Meli ilipofika Tema, kule Ghana, Paskalia alipiga simu ya video mchana, saa ambayo mama yake huwa na wateja wengi. Picha ikatokea: moshi, benchi, nyuso za wachimbaji zilizojaa vumbi. Nyuma yao, akijifanya anafunga kamba ya baiskeli, alikuwa mzee Bujiku.

"Mama," Paskalia alisema kwa sauti ya kusikika mbali, "mwambie baba kuna mtoto wa wafugaji hapa. Kwao wana ng'ombe, kondoo, mbuzi na farasi, na baridi ikija majani yote yanafunikwa na theluji."

Kamba ikaachwa. Uso wa baba ukaijaza simu yote, karibu mno, pua mbele.

"Yakifunikwa wanakula nini?"

Paskalia akamtafsiria Solongo kwa Kiingereza, kisha akarudisha jibu. "Anasema farasi wanachimba theluji kwa kwato. Ng'ombe na kondoo wanafuata nyuma, wanakula kilichofukuliwa."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. "Kumbe farasi ni wachimbaji wenzetu!" alipaza sauti kijana mmoja. "Na ng'ombe wanakuja kuchukua mgao!"

Mzee Bujiku hakucheka. Alitaka kujua ndama wanalazwa wapi baridi hiyo. Akaambiwa ndama wachanga huingizwa ndani ya hema, karibu na moto, pamoja na watoto.

"Hao ni watu," alisema hatimaye. Kisha, bila kumwangalia mtu, akimwita bintiye "mama" kwa kilugha, "Na wewe, mayu? Maji hayakusumbui?"

"Yalinisumbua, baba. Sasa hivi nimezoea."

"Huyo mwenzako anakuangalia ukiumwa?"

"Ananiangalia."

"Mwambie wabeja, asante sana. Mwambie baba yake amelea."

Solongo alipotafsiriwa, alikiinamia kioo cha simu, mikono miwili kifuani. Mzee naye akavua kofia.

Tangu siku hiyo mama ndiye aliyekosa nafasi ya kuongea. Mzee alikuwa na maswali ya wiki nzima, juu ya maziwa ya farasi, juu ya mbwa mwitu, na katikati yake, kama kwa bahati mbaya, swali moja moja juu ya bintiye: anakula? analala? darasani anaelewa?

Muhula ulipokwisha, Paskalia aliachana na Solongo kwenye uwanja wa ndege Cape Town, wote wawili wakilia bila aibu. Safari ya mwisho ilikuwa ya basi kutoka Kahama. Aliposhuka stendi ya Masumbwe, baba yake alikuwa amesimama pale na koti lake la kanisani, jua likiwa kali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Akauchukua mzigo, akaupima uzito kwa mkono, akajitwika begani. "Mwenzako amefika salama kwao?"

"Bado yuko angani, baba."

Mzee akasimama, akaangalia juu. "Kumbe kuna kingine tena kisichoshukika," alisema, na safari hii alicheka mwenyewe.