Verlin Bado Anachagua Matairi

Jirani yangu Verlin Brockhoff anajua kila kitu kuhusu matairi ya baiskeli, isipokuwa namna ya kusafiri nayo. Reli ya hapa kwetu Missouri iling'olewa zamani, njia yake ikamwagiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa ikawa ya baiskeli, na tangu hapo kila mstaafu amejifanya bingwa wa baiskeli. Verlin ndiye amezidi. Gereji yake imetundikwa matairi kama mapaja ya nguruwe ya kukaushwa: mapana, membamba, yenye meno, yenye kipara. Gari lake linalala nje kwenye theluji.

Mkewe, Arlene, ni binti wa mkuu wa stesheni ya mwisho wa njia ile. Alitaka kitu kimoja tu: waipite yote wawili kwa baiskeli, bega kwa bega, mpaka pale alipozaliwa, kabla goti lake halijamgomea kabisa.

"Tutakwenda, mama," Verlin alikuwa akimwambia. "Ngoja kwanza nipate tairi lenyewe. Hili likikuta pameloa, linazama."

"Verlin, njia hiyo ilibeba treni."

"Treni haina matairi. Hilo ndilo usilolielewa."

Akanunua mapana, akasema ni mazito. Akanunua membamba, akayabonyeza kwa kidole gumba, akaguna. Mwaka ukapita, na mwingine, na goti likazidi kuvimba hadi daktari akaamua kulipasua baada ya mavuno. Nilimwambia Verlin waziwazi kwenye chakula cha kanisani, "Mzee, unamkosesha mkeo safari." Akanieleza habari za upepo wa tairi mpaka supu yangu ikapoa. Nilitamani kummwagia.

Septemba hii Arlene akafunga mzigo wake kwenye baiskeli yake kuukuu, yenye matairi yaleyale iliyotoka nayo dukani.

"Unakuja?" akamuuliza mumewe.

"Juzi ilinyesha. Nipe mpaka Jumatatu."

Arlene akapanda, akaenda zake.

Basi Verlin akawa hakai, hali, anazunguka uani akisema mwanamke wa watu atapata pancha huko porini. Mwishowe akapakia pikapu yake, nami nikaingia kwa sababu sikumwamini. Tulimkuta Arlene kwenye stesheni ya baba yake, mguu juu ya benchi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, anakula pai. Verlin hata hakumbusu. Alichutama akabonyeza gurudumu.

"Hujapata pancha?"

"Sijapata."

"Bahati tu hiyo."

Arlene akachechemea hadi kwenye pikapu, akainua turubai. Matairi yalijaa tele. Akayasogeza huku na huku, akatafuta chini yake.

"Baiskeli yako iko wapi?"

Verlin akanitazama mimi. Mimi nikatazama mto unaopita nyuma ya stesheni.

"Nilidhani umeileta," Arlene akasema polepole. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Goti hili limebakiwa na siku moja ya kupanda. Kesho nataka niende nawe japo mpaka kijiji cha kwanza."

Nikamwambia Verlin kuna duka la kukodisha ng'ambo ya barabara, akimbie kabla halijafungwa. Akaenda mbio, nami nikaona leo mzee amepata akili. Arlene akajipangusa uso, akajisogeza kwenye benchi ili amwachie nafasi.

Alirudi mikono mitupu.

"Wanazo," akasema, "lakini mngeyaona hayo matairi yao."